Nimetumiwa tu, Madam

Nafundisha Kiswahili darasa la sita kwenye shule moja ya msingi ya serikali huku Mbagala, watoto 94 chumba kimoja, dawati la wawili wanakaa watatu na siku nyingine wanne. Ukikaa na darasa kubwa hivo miaka kadhaa unazijua kelele zake zote hata ukiwa umewapa mgongo unaandika ubaoni, kuna kelele ya njaa ya saa nne, kelele ya mvua ikianza kupiga bati, kelele ya kalamu kuibiwa. Jumatatu moja mwezi wa kumi nikasikia kelele nisiyoijua. Neno moja linanong'onwa, linaruka dawati hili hadi lile, halafu wote wanageuka kumwangalia binti mmoja wa safu ya mbele. Neno lenyewe ni ubwabwa.

Ubwabwa ni wali, hamna tusi hapo, kwa hiyo nikawaambia tulieni, tukaendelea na kipindi. Jumanne ikawa vile vile. Jumatano yule binti hakuja, Alhamisi hakuja, Ijumaa akaja mama yake peke yake, katoka kukaanga samaki pale Rangi Tatu khanga yake bado inanuka mafuta, tukasalimiana vizuri, akauliza na kazi zinaendaje, halafu akatoa simu akanionyesha.

Ilikuwa stika. Mahafali ya darasa la saba yule binti alicheza ngoma, kavaa kibwaya, na baada ya ngoma watoto wakagawiwa chakula, sasa kuna mzazi alikuwa anapiga picha kila kona na moja ikamkuta binti kafungua mdomo mkono uko njiani na jicho moja limefumba, picha ya sekunde moja ambayo kila binadamu anayo kama angepigwa wakati anakula. Mtu kaikata kichwa na mkono tu, kaandika juu NIONGEZEE UBWABWA. Mama yake akaniambia mwanangu hali tena mbele ya watu mwalimu, hata nyumbani anachukua sahani anaenda kulia chumbani. Nikamuuliza hii umeitoa wapi. Akasema imetoka kwenye grupu lenu.

Grupu lenyewe ni la WhatsApp la wazazi wa darasa la sita na admini ni mimi.

Nikatafuta aliyeanza. Kwenye grupu ilitumwa saa tatu na nusu usiku na namba ya mama mmoja, nikamwita ofisini, akashangaa mpaka akakaa chini, wallahi mwalimu saa hizo mimi nilikuwa namsuka mteja, simu alikuwa nayo mtoto anaangalia katuni. Nikamwita mtoto. Akasimama kanyooka mikono nyuma akasema, nimetumiwa tu, Madam. Na nani? Akataja mwenzake. Mwenzake naye akasema nimetumiwa tu. Nikaenda hivo watoto watano, kila mmoja ana nani aliyemtumia, na wa tano akamtaja yule wa kwanza. Wote walikuwa wanalia na nadhani wote walikuwa wanasema kweli kwa namna yao. Mpaka leo sijui nani aliikata ile picha, na nilishaacha kutafuta, maana njiani niliona jambo lingine ambalo ndo nataka kuliandika.

Huku kwetu mtoto wa miaka 11 au 12 hana simu. WhatsApp wenyewe wanasema miaka 13 ndo mwanzo, shule hairuhusu simu getini, na hata bila sheria zote hizo hela ya kumnunulia haipo. Ndo maana kwa muda mrefu sisi walimu tulikuwa tunasema mambo ya uonevu wa mtandaoni ni ya sekondari, au ni ya shule za hela nyingi, huku hayafiki. Kumbe mtoto ana simu ya mama kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne. Ana bando la mama, picha ya mama kwenye profaili, jina la mama, na akiandika kitu kinatoka kama kimeandikwa na Mama Fulani. Yaani huhitaji kufungua akaunti feki wala kujua mambo ya teknolojia, mtoto wa darasa la sita anajificha nyuma ya mama yake mzazi. Na upande wa pili anayepokea naye yuko kwenye simu ya mama yake, kwa hiyo kabla tusi halijamfikia mtoto limeshapita mbele ya macho ya mtu mzima, au mtu mzima kalipita bila kuliona kwa sababu grupu lina meseji mia mbili na yeye anatafuta ile ya mchango wa mtihani.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa na nalisema ili mwalimu mwingine asilifanye. Jumatatu iliyofuata nililisema paredini. Mbele ya shule nzima, baada ya wimbo wa taifa, nikasema kuna watoto wanatengeneza stika za wenzao na kuwadhalilisha, ni tabia mbaya. Jina sikulitaja. Saa nne darasa la tatu, watoto wadogo ambao hawakuwa na habari yoyote, walikuwa wanaulizana stika gani, na jioni walienda kuitafuta kwenye simu za nyumbani, na wengi waliipata. Yule binti ambaye tulimbembeleza siku mbili arudi aliondoka kabla ya kengele.

La pili nikawapelekea sheria. Nilisoma nikajiandaa, nikaandika ubaoni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, kinachokataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, adhabu yake faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote viwili. Darasa likanyamaza, nikafurahi, nikadhani wameelewa. Nikaendelea nikawaambia kila laini ya simu Tanzania imesajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha taifa, zoezi lilianza 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa, kwa hiyo mtandaoni hakuna anayejificha, kila neno lina kidole. Mtoto mmoja wa kiume nyuma kule akanyoosha mkono akauliza, Madam, kidole cha nani? Nikasema cha mwenye laini. Akauliza, kwa hiyo anafungwa mama?

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia polisi wanachunguza kwanza, na kwamba kwa sheria yetu mtoto chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa kosa la jinai, na kuanzia hapo mpaka 12 lazima ithibitike kwamba alikuwa anajua anachofanya ni kibaya, lakini nilishaona nyuso zao. Wiki hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kuniambia chochote kuhusu simu. Kabla ya hapo walikuwa wanakuja wawili watatu. Kama kusema kunampeleka mama jela, nani atasema? Sheria ipo na ni vizuri ipo, mtu mzima anayemvizia mtoto kwenye simu apelekwe kwenye dawati la jinsia na watoto pale kituo cha polisi bila kucheleweshwa, lakini kumfundisha mtoto wa miaka 11 kwa kuanzia na jela nimejifunza kwamba kunamfunga mdomo yule unayetaka afunguke.

Kilichofanya kazi kilitoka kwenye somo langu mwenyewe, tena kwa bahati. Tulikuwa kwenye kauli za vitenzi, kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, somo ambalo watoto hulichukia. Nikaandika ubaoni sentensi ya kitabuni, sijui mpira ulipigwa na Juma, wakageuza, Juma aliupiga mpira. Halafu sijui nini kilinituma nikaandika, Picha ilitumwa. Nikasema geuzeni iwe kutenda. Wakakaa kimya. Mmoja akasema Madam haiwezekani, hamna aliyetuma. Nikamwambia sentensi haina mtendaji, lakini picha inaweza kujituma? Wakacheka. Nikaandika, Nimetumiwa. Geuzeni. Wakaanza kupiga kelele, Fulani alinitumia, wewe ulinitumia, na hapo hapo binti mmoja ambaye ni mkimya sana akasema, Madam lakini na mimi nikatuma. Hiyo haiko kwenye nimetumiwa.

Tulimaliza kipindi kizima na cha pili nikamwomba mwalimu wa sayansi anipe. Tukaorodhesha maneno yote wanayoyatumia wakiongelea mambo ya simu, imevuja, imesambaa, inasemekana, ametukanwa, ameblokiwa, imetrendi. Kiswahili chetu kina milango mingi ya kumtoa mtendaji nje ya sentensi na watoto wanaijua yote kabla hata hujawafundisha majina yake. Imesambaa, kama maji ya mvua. Kila neno tukalirudisha kwenye kutenda na kila mara lazima jina la mtu litokee, na mara nyingi lililotokea lilikuwa mimi. Nilimfowadia dada yangu. Nilimwonyesha jirani. Nilicheka halafu nikaweka stetasi. Sikuwauliza nani alifanya nini kwenye stika ya ubwabwa, nilitumia mfano wa embe lililoibwa kwenye mti wa mwalimu mkuu, lakini kila mtu darasani alijua tunaongelea nini.

Halafu likaja neno utani. Nililitegemea, maana ndo ulinzi wao mkubwa, tulikuwa tunamtania tu Madam, na kwa kweli si watoto peke yao, mtu mzima akitukana mtandaoni akibanwa anasema nilikuwa natania. Mimi kwetu ni Songea, Mngoni, na nimekulia kwenye utani hasa, Wangoni na Wahehe walichinjana karne ya 19 halafu wakawa watani, leo Mhehe akifika msibani kwetu anaweza kuzuia jeneza akadai apewe hela kwanza, anaweza kumwiga marehemu anavyotembea mbele ya wafiwa na hakuna wa kukasirika. Nikawaeleza haya, waliyapenda sana, watoto wa Dar wengi utani wa makabila wameusikia tu juu juu, wanajua Mchaga na Mpare basi. Nikawauliza, kwa nini yule Mhehe hapigwi? Wakajibu kwa sababu ni mtani. Mnajuaje ni mtani? Kwa sababu anajulikana. Na mimi kesho kwenye msiba wake naruhusiwa? Ndiyo, unaruhusiwa. Na yule Mhehe baada ya kuzuia jeneza anafanya nini? Hapo hawakujua, nikawaambia ndo wa kwanza kushika kazi, kuchimba, kuchota maji, kupika.

Kijana mmoja akasema kwa hiyo Madam mtani lazima awe na sura. Nilisimama na chaki mkononi, maana mimi nilikuwa najiandaa kueleza kwa dakika kumi na yeye kalimaliza. Aliyetengeneza ile stika hana sura, yule binti hawezi kumrudishia, hajui hata aanze na nani, na aliyetengeneza hatakuja kumchotea maji. Kwa hiyo utani hautakuwa jina lake, tutafute jina lingine. Wakapendekeza kuchamba, kuzodoa, kudhalilisha, mmoja akasema kuonea. Tukabaki na kuonea kwa sababu hilo wanalijua kabla ya simu, la mkubwa kumnyang'anya mdogo andazi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi nzuri, lakini nikataka kuwafundisha na habari ya kujificha, na hapa nilikosea kwa namna ambayo bado inaniuma.

Niliwagawia vikaratasi, nikasema kila mtu aandike jambo moja kuhusu mimi mwalimu wao, zuri au baya, bila jina, akunje aniletee. Nilitaka waone kwamba mtu akificha jina anaandika vitu ambavyo mdomoni asingesema. Na ndivyo ilivyokuwa, mmoja kaandika unanuka chaki, mwingine kaandika unapendelea wasichana, mwingine kaandika Madam wewe ni mzuri kama mama, nikavisoma kwa sauti tukacheka wote. Halafu nikafanya ujanja. Nikachukua karatasi nne tano nikasema hii ni yako wewe, hii yako, hii yako. Nilipatia zote. Nimesahihisha madaftari ya hawa watoto tangu Januari, anayeandika herufi g kama namba 9 namjua, anayesahau kuweka nukta kwenye i namjua. Darasa zima likashika kichwa. Nikawaambia mnaona, mkidhani mmejificha hamjajificha, na mtandaoni ni hivo hivo, namba ipo, simu yenyewe ipo, saa uliyotuma ipo, na jinsi unavyoandika maneno yako ni mwandiko vile vile. Nilijisikia mwalimu hasa siku ile.

Nyumbani usiku nikavipitia vile vingine ambavyo sikuvisoma. Kimoja kilikuwa hakinihusu mimi kabisa. Kimeandikwa kwa herufi ndogo ndogo, kuna kaka ananitumia picha mbaya kwenye simu ya bibi ananiambia nikisema atawaonyesha watu zangu.

Mwandiko niliujua kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Sitaandika zaidi kuhusu huyo mtoto kwa sababu mambo yake yalifika panapohusika na yanaendelea vizuri. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto huyo alikaa na jambo lake sijui muda gani, akapata karatasi isiyo na jina ikawa mlango wa kwanza alioupata, akaingia, na dakika ishirini baadaye mwalimu wake akasimama mbele ya watu 94 kuonyesha kwamba mlango ule ni wa kioo. Nilipomwita pembeni kesho yake alitetemeka. Kitu cha kwanza alichoniambia ni, Madam ulisema hutajua.

Nilikuwa kweli nimesema hivo.

Tangu siku ile siwezi tena kusema mbele ya watoto kwamba kuficha jina ni kubaya, au kwamba mwenye nia njema hajifichi. Ni maneno ambayo watu wazima tunayapenda na si kweli. Sanduku la maoni liko kwenye korido ya ofisi gani isiyo nalo? Mwaka 2009 mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipozidi, serikali iliendesha kura za siri, wananchi wanaandika kwenye karatasi majina ya wanaowashuku bila kuandika ya kwao, kwa sababu ilijulikana mtu akisema hadharani kijijini kwake anaweza asiamke. Na karatasi hiyo hiyo isiyo na jina unaweza kumwandika jirani yako asiye na kosa kwa sababu mna ugomvi wa shamba. Wazee wetu washairi nao walikuwa wanaandika magazetini kwa lakabu, wanajibizana miezi mizima, unaweza usimjue mtu jina lake la nyumbani lakini lakabu yake unaijua na heshima yake iko humo humo kwenye lakabu, akiandika upuuzi ataaibika kwa jina hilo. Kwa hiyo kuficha jina kuna sura nyingi, na ninachomuuliza mtoto siku hizi ni unajificha ili nani apone na nani aumie.

Swali hilo tukalipeleka hata kwenye zile linki ambazo dada zao wanaweka stetasi, niambie chochote sitakujua. Watoto wanazijua vizuri kuliko mimi. Niliwaeleza habari ya Sarahah, programu iliyotengenezwa Saudi Arabia, jina lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya kusema wazi, na wazo la mwanzo lilikuwa wafanyakazi waweze kumwambia bosi ukweli bila kuogopa. Wazo zuri kabisa. 2017 ikazagaa dunia nzima mpaka huku kwetu, ikafika kwa watoto, na mwanzoni mwa 2018 baada ya mama mmoja wa Australia kulalamika kwamba binti yake anaandikiwa ajiue, Apple na Google wakaitoa kwenye maduka yao. Na nyingine inaitwa NGL, hii ndo iliwashtua watoto zaidi, mwaka 2024 mamlaka za Marekani ziliishtaki kampuni hiyo zikisema ilikuwa inawatumia watumiaji meseji za uongo zilizotengenezwa na kampuni yenyewe, zionekane zimetoka kwa rafiki, halafu inawauzia huduma ya kuwadokeza nani kaandika. Wakakubali kulipa dola milioni 5 na wakazuiwa kuwapa huduma hiyo watoto chini ya miaka 18. Darasa likawa kimya. Kwa hiyo Madam mtu analia usiku kwa sababu kaandikiwa jambo na hakuna aliyeandika? Ndiyo. Mmoja akasema ni kama ile meseji ya matapeli, ile hela tuma kwenye namba hii. Nikamwambia umepatia, kule wanavizia hela yako, huku wanavizia moyo wako, na wote wanakutegemea wewe usimuulize mtu.

Wazo la vikaratasi visivyo na jina sikuliacha, ila nikataka viwe na sanduku lake. Niliwaomba radhi darasa zima, nikasema nilivunja ahadi, na nikawauliza tufanyeje ili mtu aweze kuandika na mimi nisimjue lakini niweze kumjibu. Nilidhani nitapata majibu mawili matatu nikapata zaidi ya ishirini, mmoja alitaka tuandike kwa mkono wa kushoto. Tulichokubaliana ni hiki: kila mtu ana alama yake aliyoichagua kichwani, haijui mtu, wala haichori popote pengine. Anaandika kwa herufi kubwa tupu, anachora alama yake chini. Sanduku halifunguliwi na mimi, linafunguliwa na mwalimu wa darasa la kwanza ambaye hawajui hawa wala miandiko yao, ananisomea kwa mdomo na kunitajia alama, na majibu yanabandikwa ukutani nje ya ofisi kila Ijumaa chini ya alama. Likiwa jambo la hatari yule mwalimu ana ruhusa ya kumwandikia mwenye alama aje kwake au apige 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure na huulizwi salio. Namba hiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye sanduku na tumeiimba mpaka wanaiota.

Ijumaa ya kwanza kulikuwa na alama saba. Nyota, kiatu, kobe, kitu ambacho tulibishana kama ni sambusa au jahazi.

Kwa wazazi nako nilienda, na huko ilibidi nianze na mimi. Mwezi wa tatu mwaka huo nilikuwa nimetuma kwenye lile grupu orodha ya watoto ambao hawajalipa pesa ya uji, majina 31 na kiasi cha kila mmoja, nikaweka na emoji ya mtu anayeficha uso. Nilidhani nawaandikia wazazi. Watoto wote waliisoma usiku ule ule kwenye simu hizo hizo, na kesho yake kwenye foleni ya uji kuna waliokuwa wanaitwa wadeni. Sikuliona kama ni jambo moja na stika mpaka nilipokuwa nasimama mbele ya wazazi kueleza habari ya stika. Mama wa yule binti alikuwepo, amekaa karibu na dirisha, na jina la mwanae lilikuwa kwenye orodha ile. Nilisema hadharani kwamba ile orodha ni mimi niliituma, kutenda, si kutendwa. Baadhi ya wazazi walisema natia chumvi, deni ni deni. Baba mmoja akasema zamani tulikuwa tunaandikana kwenye ukuta wa choo na tulikua tu, na ni kweli, hata mimi niliandikwa, lakini ukuta wa choo mwalimu mkuu aliupaka chokaa wakati wa likizo ukaisha, na ukirudi nyumbani ukuta ulikuwa umebaki shule. Stika iko kwenye simu 60 za Mbagala na aliyeianzisha hata akiifuta kwake haifutiki kwa walioihifadhi.

Tulikubaliana vichache: picha ya mtoto wa mtu haiingii grupuni bila mzazi wake kusema ndiyo, madeni anapigiwa mtu simu, na wanaoweza waweke paswedi kwenye WhatsApp peke yake ili mtoto apewe simu ya katuni bila kupewa jina la mama. Wazazi wengi hawakujua kwamba inawezekana, tukakaa nusu saa nzima tunawekeana, mama mmoja kijana anazunguka anawasaidia wazee.

Yule binti amerudi. Sitadanganya kwamba yuko kama zamani, saa nne anakula uji wake kakaa ukutani kageuka upande, lakini anakula, na wenzake wawili wamechukua tabia ya kukaa mbele yake kwa namna ya kumkinga bila mtu kuwaambia. Neno ubwabwa sijalisikia tangu mwezi wa kumi na moja.

Wiki iliyopita kobe aliandika tena. Yule mwalimu wa darasa la kwanza alinisomea polepole maana herufi zilikuwa zimebanana: MADAM NIKIFUTA STIKA KWENYE SIMU YA MAMA NA WENGINE KWAO INAFUTIKA. Nikaandika jibu nikalibandika Ijumaa, Hapana kobe, kwao inabaki, wewe unafuta ya kwako tu. Jumatatu kwenye sanduku kulikuwa na karatasi moja, kobe mkubwa kuliko wa kwanza na miguu yote minne, na juu yake, NIMEFUTA YA MAMA NA YA MJOMBA.

Mjomba nilikuwa simjui kama naye anayo.